Kitabu cha bure cha D&D (SRD 5.2) na rirolo zake: tumekichezea Kigoma miezi kumi, haya ndo nimeyaona

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mnataka jibu: ndio, kitabu hiki kinatosha kuchezea, na ni bure. Sisi tumekichezea hapa Kigoma, Mwanga, kila Jumapili jioni kwa miezi kumi sasa, watu watano barazani kwa dada, na bado hatujafika mahali tukasema hapa tumekwama bila kitabu cha kununua. Ila mi sitakiongelea chote, ni kikubwa mno, nataka niongelee kitu kimoja tu ambacho ndo kimebadilisha meza yetu na ndo wanaoanza wengi wanakitumia vibaya, zile nafasi za kurusha dadu upya, sisi tunaziita rirolo.

Kwa ambaye hajui tunaongelea nini, D&D ni ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, mmoja anakuwa DM, huyo anasimulia hadithi na kuendesha maadui (kwetu ni dada), wengine kila mtu ana mhusika wake, na likija jambo lenye mashaka unarusha dadu ya pande ishirini, d20, unajumlisha bonasi yako, ukifikisha namba inayotakiwa umefaulu. Mchezo upo tangu 1974. Wenye nao sa hivi, Wizards of the Coast, Aprili 2025 waliachia sheria za toleo la 2024 kwenye PDF moja inaitwa SRD 5.2 kwa leseni ya Creative Commons. Yaani unaipakua, unaiprinti, unaitafsiri, ukitunga chako juu yake hata kukiuza ruksa, sharti utaje tu ulikotoa. Siyo kila kitu cha kitabu cha dukani kimo, kuna vitu wamevibakiza nitavisema huko mbele, lakini klasi zote kumi na mbili zipo, yaani kazi za wahusika kama faita (mpiganaji wa silaha), kuhani na mchawi.

Kurasa ni zaidi ya 300 kwa hiyo ukisema uprinti yote utaumia. Sisi tulichagua: sheria za mwanzo, klasi, asili za wahusika, vipaji, na ile kamusi ya maneno ya mchezo, uchawi na maadui tunasoma kwenye simu. Zikaja kama kurasa 100 hivi, shilingi 100 kila moja, na kubaindi kwa ringi 3,000, jumla 13,000 tukachangishana. Steshenari tulikoprintia waliruka kurasa mbili na sisi hatukukagua, tumekuja kugundua wiki ya tatu, na bahati mbaya ndo zilikuwa za asili za wahusika, kwa hiyo yule mwenzetu anayecheza halfling, wale watu wafupi wa hadithini, alikaa wiki tatu hajui kama mhusika wake ana bahati ya kuzaliwa nayo. Kagua namba za kurasa kabla hawajatoboa matundu.

Dadu tunayo seti moja tu ya saba, mwenzetu alitoka nayo Dar. Zile za pande sita hazisumbui, unachukua za ludo dukani. Tatizo ni d20, iko moja, watu watano, na kuna kipindi iliteleza kwenye sinia ikaingia stoo tukaitafuta siku mbili. Tukatengeneza vikaratasi, 1 mpaka 20, tunavikunja sawasawa, tunatia kwenye kikombe cha bati, unatikisa unachomoa kimoja. Kinafanya kazi vizuri kabisa ila kwenye rirolo kuna kitu cha kuangalia ambacho nasi hatukukiona mwanzo: ukichomoa 6 ukashindwa, ukataka kurusha upya, lazima ile 6 irudi kikombeni kwanza. Usipoirudisha vinabaki vikaratasi 19 na vibaya vimepungua kimoja, kama ulihitaji 11 na kuendelea nafasi yako siyo tena 10 kati ya 20, ni 10 kati ya 19. Kidogo, lakini ni kidogo cha kila mara. Dada alisimamia hilo kwa ukali na alikuwa sahihi.

Sasa rirolo zenyewe. Ya kwanza na ambayo kila mtu anaweza kuwa nayo inaitwa Heroic Inspiration, sisi kwa Kiswahili chetu tumeiita Hamasa. DM anakupa ukicheza vizuri, ukiigiza mhusika wako kiukweli, na ukiwa binadamu unaipata kila ukiamka baada ya usingizi mrefu. Ukiwa nayo unaweza kurusha upya dadu yoyote, papo hapo baada ya kuirusha, na namba mpya ndo unaichukua hata ikiwa mbaya zaidi. Unakuwa nayo moja tu, hazirundikani.

Wanaokumbuka toleo la 2014 watasema si ndo ile ile. Hapana, siyo ile ile, na hapa ndo nilipokipendea hiki kitabu. Ile ya 2014 ilikuwa inakupa advanteji, yaani unaamua kabla, unarusha mbili unachukua kubwa. Hii unaamua baada ya kuona. Piga hesabu, unahitaji 11, nafasi yako ni nusu kwa nusu. Kwa advanteji inapanda hadi asilimia 75. Kwa rirolo nayo ni asilimia 75, hesabu ni moja. Tofauti ni kwamba ile ya zamani umeshailipa kabla ya kujua, na nusu ya mara dadu ya kwanza ingefaulu yenyewe, umelipa bure. Hii mpya ukifaulu mwanzo Hamasa yako bado unayo, inakusubiri. Na kadiri unavyokuwa mzuri kwenye jambo ndo faida inavyozidi, mwenye nafasi ya asilimia 70 mara saba kati ya kumi angekuwa ametupa Hamasa yake kwa kitu ambacho kilikuwa kinakuja tu.

Ila sasa watu wanaitumia wapi? Hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Karibu kila anayeanza, mimi nikiwemo na wenzangu wote wa meza yetu, anaitunza kwa ajili ya lile jambo gumu kabisa, lile lisilowezekana, anaona rirolo ni ya kuokoa hali mbaya. Na kwenye lile jambo gumu anairusha na anashindwa tena. Siyo mkosi, ni hesabu. Ukishashindwa, rirolo inakupa nafasi ile ile uliyokuwa nayo mwanzo, haikuongezei chochote. Kama ulikuwa na asilimia 15 umenunua asilimia 15. Kama ulikuwa na 70 umenunua 70, na bei ni moja.

Nakumbuka vizuri siku iliyonifungua macho. Hadithi ya dada ilikuwa imetupeleka kwenye boti ya mbao kutoka Kibirizi usiku, upepo wa ziwa, na huko majini kuna kiumbe mwenye magamba magumu kweli, kumpata kwa upanga kuhani wetu alihitaji 18 kwenda juu. Akarusha akapata 9. Akasema natumia Hamasa, nataka nimpige mimi. Akarusha, 12. Haya, raundi iliyofuata mchawi aliyekuwa kwenye boti ya pili akamrushia uchawi wa kumgandisha, na hiyo seivu, yaani kurusha dadu ya kujinusuru, kuhani ndo mahali pake, alihitaji 7 tu. Dadu ikatoa 4. Akaangalia karatasi yake, Hamasa hamna. Akaganda pale pale, raundi tatu nzima hakuna wa kutibu watu, na wawili wetu tukaanguka. Asilimia 15 alikuwa nayo kwenye lile pigo, asilimia 70 kwenye ile seivu, na pigo lenyewe hata lingempata yule kiumbe lisingemuua.

Toka siku ile tuna maswali mawili mezani na yanaulizwa kwa sauti kabisa kabla mtu hajagusa kikombe. Nilikuwa na haki ya kufaulu hili? Na nikiliacha hivi hivi litanigharimu kweli? Yote mawili yakijibu ndio, rusha upya usisite, hata kama ndo kwanza mchezo umeanza. Likijibu moja tu subiri. Kwa hiyo rirolo siyo ya jambo gumu, ni ya jambo jepesi lililokusaliti mahali pabaya. Ukishaielewa hivyo unaanza kuiona mahali pake kila kikao.

Kuna kakitu ambako kitabu hakijakasemea waziwazi na kanaleta ubishi. Hamasa inatumika ukishaona dadu, lakini kuona dadu siyo kujua kama umefaulu, DM anaweza kuwa ameificha DC, ile namba inayotakiwa. Mi nilikuwa nauliza, "Dada, kwani hiyo DC ngapi?" na yeye ananijibu, "We mdogo wangu rusha kwanza, utajua." Nikipata 13 nabaki nakisia, inawezekana imetosha na nikiirusha upya naweza kushuka mpaka 3 maana mpya ndo inayohesabika. Tuliongea naye vizuri tu, nikamwonyesha kwamba rirolo nyingine kwenye kitabu hicho hicho zinasema wazi unazitumia ukishashindwa, kwa hiyo huko anayeshindwa anajua kashindwa. Akakubali kuwa kwenye seivu na mashambulio anaitaja namba inayotakiwa, kwenye mambo ya kupeleleza na kusoma nia za watu anaificha. Imekaa vizuri sana hiyo, nawashauri muige.

Kingine, ukiwa na advanteji au disadvanteji (hiyo unarusha mbili unachukua ndogo) na pia una rirolo, unarusha upya dadu moja tu kati ya mbili, unachagua ipi. Sheria hii imeandikwa na imeeleweka, na inakuambia mahali pa kutopoteza: una disadvanteji, umetoa 4 na 6, unahitaji 12, weka Hamasa yako mfukoni, maana hata ukirusha moja ikaja 20 ile nyingine bado inakuvuta chini. Lakini disadvanteji yenye 4 na 17, hapo ni halali kabisa, 17 tayari umeipata, unaitafutia mwenzake.

Na ujanja wa binadamu. Ukipewa Hamasa na tayari unayo, ile ya pili unaweza kumpa mwenzako ambaye hana. Mwenzetu wa faita ni binadamu, kila asubuhi ya mchezo anaamka na Hamasa, zamani akilala nayo tulikuwa tunadhani mpya imepotea. Kumbe anaamka anamgawia mtu. Sa hivi akiamka tu kuhani kashanyoosha mkono.

Bahati ya halfling, ile iliyopotelea steshenari, ni kitu kidogo kinachofanya kazi kimya kimya. Ukitoa 1 kwenye d20 unarusha upya, basi, haina gharama haina idadi. 1 inatokea mara moja kati ya ishirini, ukisikiliza hivyo unaona haina maana, lakini sisi kwenye kikao kimoja kila mtu anarusha karibu mara ishirini, kwa hiyo unategemea ije kama mara moja kila Jumapili. Na inapokuja mahali pake inaokoa roho kweli. Ukiwa umelala chini unapigania uhai unarusha d20 tupu, 10 kwenda juu umefaulu, na ukipata 1 inahesabika umefeli mara mbili, mara tatu umekufa. Halfling wetu alikuwa chini kwenye pango la upande wa Katonga, ameshafeli moja, akachomoa kikaratasi, akakifungua taratibu, 1. Tukanyamaza wote. Halafu dada akamwambia, "We si halfling, mdogo wangu? Kirudishe." Akakirudisha, akatikisa kikombe muda mrefu, akachomoa 14. Yule mhusika yuko hai mpaka leo, na lile karatasi la kurasa zilizorukwa tulilibandika kwa gundi ndani ya jalada.

Sasa mimi mwenyewe nacheza mchawi wa damu, sorcerer, na rirolo yangu ni ya aina nyingine kabisa, siyo ya d20 ni ya dadu za maumivu, zile za kuhesabu adui kaumia kiasi gani. Inaitwa Empowered Spell. Unalipa pointi 1 ya uchawi, unarusha upya dadu za maumivu kadhaa, idadi isizidi bonasi yako ya Charisma, na mpya unazichukua zilivyo. Mimi ni +4, kwa hiyo dadu nne. Levo ya 5 nilipopata Fireball, bomu la moto la dadu nane za pande sita, nilijua nimefika.

Jinsi ya kuitumia: dadu ya pande sita wastani wake ni 3.5, kwa hiyo chochote chini ya hapo, 1, 2, hata 3, kukirusha upya kwa wastani unapata faida. 4 usiiguse. Mara ya kwanza niliirusha kwa mbwembwe, dadu nane za ludo, nyekundu na nyeupe, kwenye sinia lile lile tulilomaliza kulia ugali wa muhogo na migebuka, tumelipangusa lakini bado linang'aa mawese pembeni. Zikatulia: 1, 1, 2, 2, 3, 4, 5, 6. Jumla 24, chini ya wastani maana wastani wa nane ni 28. Nikalipa pointi, nikanyanyua zile nne za chini ambazo zote pamoja zilikuwa 6 tu, nikategemea zirudi na 14 hivi, zikarudi na 15. Jumla 33. Nikashangilia.

Halafu dada akasema wale goblin, vijitu vya maadui niliowalipua, walikuwa na uhai 10 kila mmoja. Yaani 24 ingewamaliza, na hata waliofaulu seivu wakala nusu, 12, nao wangekufa. Pointi yangu ilienda bure kabisa. Hilo limenifundisha kuangalia kwanza uhai wa aliyeko mbele kabla ya kuangalia ubaya wa dadu. Wiki chache baadaye tukakutana na ogre watatu, majitu makubwa, wale wana uhai 68 kila mmoja, wote watatu wakafeli seivu, nikarusha nikapata tena namba za chini, nikalipa, nikaongeza 9. Na kumbuka bomu unarusha maumivu mara moja kwa wote, kwa hiyo 9 ile siyo 9, ni 27, kila ogre imempata. Ndo maana nasema Empowered itunze kwa uchawi unaokamata wengi na wenye uhai mrefu, kwenye mshale wa moto wa mtu mmoja siyo kwamba imekatazwa ila utajikuta huna pointi jioni.

Kwa mtu mmoja tumia Seeking Spell, nayo ni pointi 1, ukikosa shambulio la uchawi unarusha upya d20. Hapo maswali yale mawili yanarudi kama kawaida. Na Empowered na Seeking zote zinaruhusiwa hata kama uchawi huo huo umeshaubadilisha kwa njia nyingine, jambo ambalo nyingi kati ya njia nyingine za kubadilisha uchawi hazina.

Nimesema rirolo haiongezi chochote, inarudisha tu nafasi uliyokuwa nayo. Kuna moja inayovunja hiyo kanuni na ndo naipenda kuliko zote kwenye kitabu kizima, ni ya faita wa levo ya 9, Indomitable, sisi tunaiita Hashindiki. Ukifeli seivu unarusha upya na unajumlisha levo yako ya ufaita. Toleo la 2014 lilikuwa linarusha upya tu, bila nyongeza, na faita wengi walikuwa wanailalamikia kwa haki, maana seivu anazofeli faita ni zile za akili ambazo hata akirudia bado ni dhaifu. Chukua ya kwetu: mchawi mmoja alitaka kumtawala faita wetu kwa Dominate Person, DC 17, faita ana +1 tu kwenye Wisdom. Anahitaji 16 kwenye dadu, asilimia 25. Kwa sheria ya zamani rirolo yake ingekuwa asilimia 25 tena. Kwa mpya anaongeza 9, anahitaji 7, asilimia 70. Alipata 6 ya kwanza, akasema Hashindiki, akapata 8, jumla 18. Wote barazani tuliruka, mtoto wa jirani akaamka. Fikiria angeshindwa, jamaa mwenye upanga mkubwa kuliko wote angegeuka kutupiga sisi.

Kwa hiyo kwa Hashindiki ile kanuni igeuze: itumie palepale ambapo wewe ni dhaifu, maana nyongeza ndo inayokubeba, na palipo na nguvu zako tumia Hamasa. Faita wetu alikuwa na zote mbili siku ile na alichagua sahihi. Ni mara moja kwa usingizi mrefu, levo ya 13 zinakuwa mbili na ya 17 tatu.

Nyingine nipite haraka. Savage Attacker, kipaji cha mwanzo, mara moja kwa zamu ukimpata mtu kwa silaha unarusha dadu za maumivu mara mbili unachagua jumla unayoitaka, haina hatari yoyote na haina hesabu ya kukuumiza kichwa, mpe mgeni wa mchezo. Klasi ya mtawa, levo ya 14, anaweza kulipa pointi 1 akarudia seivu aliyofeli, bado hatujafika huko. Great Weapon Fighting ambayo zamani ilikuwa rirolo, 1 na 2 za upanga mkubwa unazirudia, sasa siyo rirolo tena, 1 au 2 zinahesabika 3. Kwa hesabu imepungua, upanga wa dadu mbili za pande sita ulikuwa unafika wastani wa 8.33 sasa ni 8 kamili, lakini mi nimeikubali, maana zamani faita alikuwa anarudia kuokota dadu kila pigo na jioni yetu inaisha kwenye kuokota dadu.

Malalamiko yangu sasa. La kwanza, hizi rirolo zimetawanyika mno. Hamasa iko kwenye sheria za mwanzo, bahati ya halfling kwenye asili, Hashindiki kwenye klasi, Savage Attacker kwenye vipaji, hakuna mahali pamoja pa kuziona, na kitu unachotakiwa kukikumbuka sekunde ile dadu inapotulia hakitakiwi kutafutwa kurasa 60. Mimi nimetengeneza karatasi moja ya A4 kwa Kiswahili, kila rirolo na mstari wake: lini, gharama, lazima uchukue mpya au unachagua. Leseni inaruhusu, nimeandika chini nilikotoa. Kila mchezaji ana nakala na imepunguza ubishi kuliko kitu kingine chochote.

La pili ni vilivyobakizwa. Kipaji cha bahati, Lucky, hakimo. Mchawi wa utabiri mwenye Portent, yule anayerusha d20 mbili asubuhi na kuzitumia kubadilisha za watu mchana, naye hayumo, na kipaji cha mwanamuziki anayewapa wenzake Hamasa baada ya mapumziko hakimo, hivyo viko kwenye kitabu cha kulipia cha 2024. Hiki cha mwanamuziki ndo kinaniuma, kwa meza kama yetu ya watu wanaopenda kuimba kingefaa sana. Lucky sikulilii, na isitoshe kwenye toleo jipya ni ya kupata advanteji, kwa hiyo umerudi kulekule kwa kuamua kabla.

Kuna aliyeniuliza kwa nini tusicheze Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, sheria zake nazo ziko bure mtandaoni. Tumejaribu vikao vitatu. Kule kila mtu anaanza kikao na Hero Point moja, mwisho tatu, unarusha upya na mpya ndo ya kuchukua, lakini pia ukikaribia kufa unaweza kutoa zote ulizonazo ukabaki hai. Ni wazo zuri ila kwa sisi lilifanya watu wote wakumbatie ile ya mwisho wasiiachie mpaka kikao kinaisha, na kesho unaanza upya na moja vile vile. Savage Worlds, mchezo mwingine tena, nayo ina beni zake tatu kwa kikao, ni nafasi za kurusha upya, na ukirudia unabaki na iliyo bora, hiyo ina raha yake, watu wanarusha bila woga. Lakini kwa wenzangu ile presha ya "mpya ndo ya kuchukua" ndo inawafanya wafikiri, na tumerudi D&D.

Alama zangu: kama kitabu cha kuchezea nakipa nne na nusu kati ya tano, ile nusu nimekata kwa kutawanya mambo. Kwa mnaoanza hapa Kigoma printini sheria za mwanzo na kurasa za klasi zenu tu kwanza, hata 40 hazifiki, mengine yatafuata.

Jumapili hii tunapanda levo ya 10, na faita wetu ni Champion, tawi mojawapo la faita. Nimeisoma mara tatu kuhakikisha: wakati wa mapambano, kila akianza zamu yake akiwa hana Hamasa, anajipa mwenyewe. Kila zamu. Na huyu ndo yule anayelala nazo, miezi kumi namjua, anaitunza Hamasa kama akiba ya benki. Nimeshamwandikia kwenye ile A4 yake kwa wino mwekundu, zamu isiishe bado unayo, na dada kashasema ataleta kikombe cha pili cha vikaratasi maana kimoja hakitatosha.